Kosa la Javan Siku ya Picha ya Wayahudi

Javan, mtafsiri wa picha pale ukumbi wa video wa Abdikarim mjini Migori, alikuwa na kiburi, na mimi Filister niliyekuwa nikiuza tikiti mlangoni nasema hivyo nikimpenda. Alisimama kando ya televisheni na kijiti chake, akitusimulia kwa Kiswahili na kuchomekea Kijaluo. Lugha asiyoijua aliibuni. Na akishasema neno, halirudi. Mtafsiri akijisahihisha, alisema, nani atamwamini tena?

Mwaka huo wa tisini Wasomali wote walitakiwa kuhojiwa, wathibitishe kuwa ni Wakenya, wapewe kadi ya pinki. Abdikarim, Msomali mzaliwa wa Isiolo, alienda mara mbili akarudi mikono mitupu. Tulikuwa tukisikia waliokosa kadi wanapakiwa kwenye lori na kuvushwa mpaka wa Somalia. Jumamosi moja mchana akaambiwa askari wako sokoni. Watu walikuwa wameshakaa ukumbini, wakamwona akiingia nyuma ya pazia jeusi lililokuwa nyuma ya televisheni. "Filister dada yangu, usitazame huku," aliniambia.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya Kifaransa, kanda tuliyoachiwa na nesi mmoja Mzungu. Familia imejibana nyuma ya kabati, wanajeshi wanapekua nyumba. Javan akatangaza kwamba hao ni wezi wa benki. Basi ukumbi ukachemka, maana watu wetu huongea na picha. Mama Nyarangi, muuza dagaa wa omena, alisimama kabisa. "Nyuma ya kabati! Hawa askari ni vipofu? Vuteni kabati!"

Kasha la kanda nilikuwa nalo mkononi. Nesi alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu: familia ya Wayahudi, wakati wa vita. Asubuhi nilimwonyesha Javan, akanijibu kwamba picha haisomwi, inatazamwa. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Ndipo askari wawili wakaingia. Mmoja akasimama mbele ya televisheni, akicheka na ile kelele.

"Kumbe mnajua kufichua wezi," alisema. "Sasa nionyesheni Abdikarim."

Javan akashusha kijiti. Akanitazama. Nikainua lile kasha.

"Ngojeni," akasema. "Nilikosea. Hawa si wezi, ni Wayahudi. Yule baba ni fundi cherehani. Hawajaiba kitu. Wanasakwa kwa vile walivyozaliwa, na majirani wanajua walipo."

Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, maneno yote niliyofundishwa. Askari akarudia agizo lake. Mama Nyarangi, ambaye mdomo wake haufungiki hata kanisani, akasema taratibu, "Afande, kaa chini. Unatuziba."

Walikaa. Javan hakutafsiri tena hata neno. Tuliona kabati likivutwa, tukaona familia ikipandishwa lori, mtoto wa mwisho akibebwa, na hakuna aliyepiga kelele. Askari wakatoka bila kuaga.

Abdikarim alitoka nyuma ya pazia, shati limelowa jasho. Kule nyuma hakuwa ameona chochote.

"Javan ndugu yangu," akauliza, "wale wa kabatini, walipona?"

Javan aliinama akachomoa waya.

"Kanda ilikwama kabla ya mwisho, mzee," alisema.

Akanigeukia mimi. Nikasema ndiyo, ilikwama.