Gari la Majivu la Shangazi Dativa

Shangazi yangu Dativa hupanda gari kabla halijawa gari. Alizaliwa upande wa Mahenge, akaolewa hapa Mlabani na mzee Fridolin, fundi wa kuchomelea mabodi ya malori. Yeye mwenyewe ni fundi cherehani, na watu wa cherehani wamezoea kuuliza: utaivaa wapi, utakuwa umekaa au umesimama?

Zamani mzee Fridolin alikuwa anasikiliza wateja huku anakata. Ukisema ongeza hapa, anaongeza. Lori moja likatoka na bodi refu hata kivukoni wakalikataa. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mimi nguo nitaifumua," akamwambia. "Wewe chuma utakifumua?"

Tangu hapo hakuna chuma kinachokatwa kabla ya majivu. Shangazi anafagia uwanja, anachukua majivu ya jikoni kwenye kopo, anachora gari zima chini kwa ukubwa wake: usukani huku, matairi huku, mlango nyuma. Halafu wenye gari wanapanda. Na kuna sharti moja. Anayetaka nafasi ya mwenzake, amwambie mwenyewe, uso kwa uso, humo humo ndani.

Mwaka 1996 watu wa kijiji kimoja ng'ambo ya mto walinunua lori kuukuu kwa pamoja. Mwanzo walitaka mawili tu: mpunga ukae, na mgonjwa apate pa kulala. La mgonjwa alilileta Ngusa. Mama yake, Nyamizi, aliharibika mgongo. Akikalishwa garini analia njia nzima, na hospitali iko huku kwetu. Lakini kila akija mtu anakuja na neno jipya. Magunia zaidi. Viti vya kwaya, akasema mwalimu Polikarpo. Mwisho pale pa kulala pakabaki pa kulaza kuku.

Siku ya majivu walifika asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba. Ngusa alimbeba mama yake, akamlaza kwenye mkeka katikati ya mistari. Wengine wakapanda, wakiinua miguu kuvuka ukuta wa majivu. Mzee Fridolin akakamata usukani wa hewa.

"Konda, nisubiri, nimesahau ndala!" mama mmoja akapiga kelele, tukacheka.

Kisha tukaondoka. Sijui niseme vipi. Hakuna aliyesogea, lakini mpunga ulikuwa unapita pembeni, kijani, polepole, na ukungu unafunguka mbele yetu.

Polikarpo akainama mkekani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunishusha?"

"Hapana... ni viti vya kwaya, bibi. Vinaanzia hapo ulipo."

"Kwani kwaya inaimba imekaa?" Ngusa akauliza kutoka nyuma. Watu wakacheka. Polikarpo hakucheka.

"Tunatoka mbali, Ngusa. Watoto wanafika wamechoka, sauti hakuna."

Nyamizi akafumba macho. "Tuko wapi sasa?"

"Kivukoni, mama," shangazi akajibu, kopo mkononi.

"Ndiyo maana nasikia baridi. Haya, mwalimu, nishushe. Ila ngoja kwanza tuvuke. Usinishushe majini."

Mto uko mbali na kwetu, lakini mimi nilisikia injini ya pantoni ikinguruma. Kuku akapita katikati ya maji, hakuna aliyemfukuza.

Polikarpo alivua viatu. Akakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa majivu, miguu kando ya mkeka wa bibi. Akapima kwa macho kushoto, akapima kulia.

"Watoto watakaa hivi," akasema. "Viti basi. Bibi, utavumilia kelele?"

"Waimbe. Ila kwenye makorongo wapunguze."

Ngusa naye akaondoka kwenye nafasi ya magunia, akasogea hatua moja nyuma, kuwaachia watoto nafasi. Hakuna aliyemwambia. Shangazi akazungusha majivu upya mahali pa kulala, mstari mnene kuliko mwingine wote.

"Fridolin," akasema, "sasa kata."

Alianza mchana uleule, na alianza na kitanda.

Kesho yake shangazi alifagia uwanja. Akafuta usukani, akafuta matairi, akafuta mlango. Alipofika mahali pa mkeka akazunguka na ufagio wake, taratibu, kama kuna mtu bado hajavuka.