Msaji wa Bi Mize

Mize binti Vuai alikwishachoka kabla hata hayo ya kitanda hayajafika. Miaka kumi na tisa alikaa na Mbarouk, mtoto hakujaliwa, na siku tatu kila wiki alitoka kwao Ole kwa miguu mpaka Chake Chake kufua nguo nyumbani kwa Saifuddin, Mhindi wa Kibohora aliyeuza vitanda na makabati. Akifika, magoti yameshamlalamikia. Akirudi, ndiyo usiseme.

Kupaka rangi alikuingia bila kutaka. Siku moja Ruqaiyabai, mkewe Saifuddin, alivimba kidole, akamwita aache beseni aje ashike brashi. Hapo ndipo Mize alipoambiwa wasiloambiwa wateja: kwamba vile vitanda vya msaji, mti wa thamani utokao Bara Hindi, vingi vilikuwa vya mwembe wa papa hapa kisiwani. Na aliyevigeuza hakuwa Saifuddin wala fundi yeyote mwenye ndevu. Ni Ruqaiyabai mwenyewe, uani, mlango umekomewa.

"Siri hii ikitoka, Mize," alimwambia, "duka limekufa, na sisi tumekufa nalo."

Kazi ilimchukua miaka miwili kuijua. Kwanza msasa, mpaka viganja vikaota sugu juu ya sugu za kufulia. Kisha rangi ya chini, ya manjano, iachwe siku mbili ikauke. Halafu rangi ya kahawia iliyokorogwa kwa siki, ipakwe nyembamba, na hapo mtu asizubae: ikiwa bado mbichi huburutwa kitana cha pembe kilichong'olewa baadhi ya meno, ikatoka mistari, unyoya wa kuku ukaipapasa mistari ikalegea, kidole gumba kilichoviringwa tambara kikabonyeza pale panapotakiwa jicho la mti. Mwisho vanishi. Mize alichora mistari iliyonyooka, mizuri, na Ruqaiyabai akaifuta yote kwa kitambaa.

"Unasuka mkeka wewe. Mti haukui hivyo. Mti umepigwa jua, umekatwa matawi, umekosa mvua. Nichoree mti uliochoka."

Mize alicheka, maana kwa hilo hakuhitaji mwalimu. Tangu siku ile mkono ukamkubali.

Kitanda cha kwake kilikuwa cha mwembe, cheupe, na Mbarouk alikionea haya mbele ya wageni. Alipokwenda Wesha wiki mbili kupakia magunia ya karafuu, Mize akakigeuza. Mume aliporudi alikitazama, akamtazama mkewe, hakuuliza neno. Siku ya tatu anawaambia watu barazani kimetoka Bombay. Mwaka wa pili akaamini mwenyewe. Wanaume bwana!

Mwaka 1936 homa ikamchukua Mbarouk. Aliacha mikarafuu ishirini na minne, na kitanda. Siku ya hamsini ya eda, Mize yumo ndani nyuma ya pazia, akaja Jaribu, ndugu wa marehemu, pamoja na Shehe Msellem, kugawa mirathi.

"Shemeji ana robo yake, hatumdhulumu," alisema Jaribu. "Kitanda kile msaji mtupu. Marehemu katwambia kwa kinywa chake. Na achukue kitanda, mikarafuu tubakie nayo siye."

Jaribu hakuwa mwizi, aliamini alichosema. Shehe akaingia chumba cha pili, akakigonga kitanda kwa vidole, akakisifu, akasema hiyo ni insafu, haki tupu. Nyuma ya pazia Mize alipiga hesabu. Robo yake ilikuwa mikarafuu sita. Magoti yalikwishagoma njia ya Chake, na kitanda hakiliwi. Lakini kusema kweli ni kumuumbua maiti, na aliyemfunza je? Mwisho akajiambia mficha uchi hazai, na yeye kuzaa hakuzaa, basi leo na aseme.

"Shehe, kitanda kile muembe. Rangi ile nimeipaka mie."

Wakacheka, lakini kwa huruma. "Majonzi hayo, shemeji," Jaribu alisema. "Kazi ya fundi hiyo, mwanamke ataijulia wapi?"

"Kikwangueni basi mwone."

"Mali ya warithi haikwanguliwi! Tukiharibu msaji, nani atalipa?"

Mize akaomba ubao. Jaribu akanung'unika kwamba mwenye eda hachezi na rangi, lakini Shehe akasema la, hilo si pambo la mwili. Siku ile akapaka rangi ya chini kwa masalia aliyokuwa nayo koponi, akawaambia warudi kesho kutwa. Waliporudi, pazia lilipandishwa kidogo tu, ikaonekana mikono yake. Mikono ile haikuharakisha. Ikapaka, ikaburuta kitana, ikapapasa kwa unyoya, gumba likabonyeza mara mbili. Jaribu akauchukua ubao ungali na maji, akausimamisha kando ya kitanda: mistari ile ile.

Shehe Msellem alivaa miwani, akaivua. "Nani kakufunza?"

"Shida, Shehe."

"Basi robo yake na apewe katika mikarafuu. Sita."

Shehe akaondoka. Mize alitaka kufurahi, furaha haikupata pa kukaa. Ndipo akasikia mtu anakohoa upande wa pili wa pazia. Jaribu hajaondoka.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "lile kabati la arusi ya mwanangu Duni, nililolitwaa kwa Saifuddin, nimeuza ng'ombe wangu wawili kwalo, sina mwengine. Na lile je?"

Mize alilijua kabati lile. Jicho la mti kwenye mlango wa kushoto lilikuwa gumba lake. Akamfikiria Ruqaiyabai uani na mlango wake uliokomewa, akamfikiria Duni kwa wakwe zake. Kweli aliyokuwa nayo aliimaliza kwa mikarafuu sita.

"Lile msaji, shemeji. Msaji wenyewe."

Jaribu akashusha pumzi, akamwombea dua ndefu yenye kila kheri. Mize akaitikia amina, kisha akainama kuosha mikono.