Kibuyu cha Bibi ndani ya treni ya mgodini

Leo Bibi yangu amemwomba marehemu Babu msamaha mbele ya treni mbovu.

Iko hivi. Kuna kichwa cha treni ya mvuke huku kwetu Butiama, kilikuwaga kinavuta mawe mgodini enzi za Mwingereza. Babu ndiye alikuwa anakitilia kuni. Mimi na fundi tunakisafisha kisiishe kwa kutu, nikampeleka Bibi akione.

Fundi akavunja kisanduku cha vifaa kilichokuwa kimeganda.

Ndani kuna kibuyu kidogo, ufa wake umeshonwa kwa uzi.

Bibi akakaa chini. Yaani chini kabisa, kwenye vumbi.

"Hicho changu. Huo ufa nilishona mimi."

Jamani, hicho kibuyu tumekisikia tangu utotoni! Bibi alikuwaga anatikisa maziwa, anakijaza samli, halafu kila Jumamosi Babu anaondoka nacho. Akiulizwa, anasema anaenda kuipaka treni, shaba yake ing'ae.

Nani angeamini? Bibi alishaamini kuna mwanamke kule Buhare anayepelekewa hiyo samli. Kibuyu kilipopotea, alirudi kwao miezi mitatu.

Leo akaisugua ile shaba kwa ncha ya kanga. Ikaanza kung'aa.

"Mzee wangu, nisamehe. Kumbe ulikuwa unasema kweli."

Hata fundi alivua kofia.

Halafu Bibi akanigeukia: "Unashangaa nini? Kalete samli."

Nimezunguka maduka yote, ya kienyeji hamna. Mwenye nayo aniandikie haraka. Bibi amegoma kuondoka pale.

Na leo ni Jumamosi.