Ukucha na Pua

Mwalimu wetu wa miti hapa Ohio havai glavu, hata theluji ikifika magotini. Hukwangua kijiti kwa ukucha wa kidole gumba, akakinusa, kisha akatunusisha sote, maana mti uliopukutisha majani hutambulika kwa harufu. Jumamosi tulikuwa tukikata vichaka vya kigeni vinavyosonga msitu wetu. Alikwisha kutuonyesha kimoja, akiapa ni cha kigeni, na mwenzetu mzee Verlin alikuwa ameshainua msumeno, ndipo mwalimu alipokikwangua. Kikanukia kama limau na iliki.

“Shusha msumeno, Verlin. Hiki ni cha kwetu. Nimekosea.”

“Mwalimu, si ulituapia hapa hapa?”

“Niliapa. Sasa nuseni mjue nilichotaka kuua.”

Akakipitisha kijiti kwa kila mmoja, akicheka, asimruke mtu.