Sikukuu ya Korea Niliyoipangia Wiki Isiyo Yake

Nakumbuka, mwanangu, Idi moja ya kiangazi kule Tensta, kitongoji cha Stockholm, nilipomwambia mwanamke mwenye umri wa nyanya yangu kwamba mwezi wake hauna kazi Korea. Nilisema hivyo nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Pilau yake yeye mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Usinicheke. Najua unashangaa mama yako mdogo, mwenye miaka thelathini na miwili, kukuandikia kama mzee. Hata mimi nashangaa. Lakini jana ulinitumia jedwali la safari zako za Korea za mwaka mzima: uvuvi juu ya barafu, maua ya masika, tope la pwani wakati wa joto, sikukuu ya mavuno. Limepangika vizuri, limepakwa hata rangi. Na mbele ya kila sikukuu umeandika namba ya wiki. Nilipoziona hizo namba niliacha kazi niliyokuwa nikifanya. Huyu mtoto ni wetu kabisa, nikajiambia. Kwa hiyo tulia nikusimulie, kabla hujanunua tiketi hata moja.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina miaka ishirini na minne, na nilikuwa mtu wa kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Nilimuuliza mchungaji. Niliwauliza akina mama wa chama. Nilimuuliza daktari wa meno hapo hapo kwenye kiti, mdomo ukiwa wazi. Mama, yaani nyanya yako, alifika mahali pa kunituma dukani kila wageni walipokuja. Nilipata kazi katika ofisi ndogo ya usafiri hapa mjini, na meneja akanikabidhi mambo mawili: niandike kijitabu cha sikukuu za Korea msimu kwa msimu, na niongoze kundi langu la kwanza. Kundi lenyewe lilikuwa akina mama sita wa Kikenya, na Jaja Zuhura.

Jaja, yaani bibi kwa lugha ya kwao, alikuwa Mganda na Mwislamu. Alitoka kwao akiwa msichana, mambo yalipoharibika, akakaa Nairobi miaka kadhaa, huko ndiko alikookota Kiswahili, kisha akafika Stockholm. Alifanya kazi katika jiko la hospitali miaka ishirini na sita, bega kwa bega na Mkorea mmoja aliyeitwa Sunja. Siku ya kwanza hakuna kati yao aliyejua Kiswidi. Lakini Sunja aliona kwamba mwenzake hagusi nyama ya nguruwe. Tangu siku hiyo, kila mchana, alimtengea Jaja sahani yake na kuifunika kifuniko, mtu asije akaichanganya. Hakuna aliyemwagiza.

Sunja alipostaafu alirudi kwao, mji mdogo kusini mwa Korea. Kila mwaka, kwa miaka tisa, aliandika barua moja, kwa Kiswidi cha jikoni: njoo sikukuu ya mavuno, mwezi ukiwa umejaa, nitakutengea sahani. Kila mwaka Jaja alikuwa na sababu ya kutokwenda. Ila barua ya mwaka ule ilikuwa na mstari mmoja zaidi. Baada ya mavuno, Sunja angeiuza nyumba na kuhamia kwa mwanawe mjini, kwenye chumba kimoja. Kwa hiyo ingekuwa mara ya mwisho kuandaa meza yake mwenyewe.

Jaja aliniletea barua hiyo ofisini, akanisomea. Mimi nikaigeuza kuwa namba. Unajua tunavyoishi hapa kwa namba za wiki: likizo ya watoto ya baridi ni wiki ya tisa, ya vuli ni wiki ya arobaini na nne, hata fundi wa bomba atakuja wiki fulani. Nikatazama sikukuu ya mavuno ilikuwa wiki gani mwaka uliopita, nikakuta ni ya thelathini na saba. Nikaandika wiki ya thelathini na saba, nikakata tiketi za watu wanane, na akina mama wakaomba likizo zao kazini. Hapo sikuuliza ushahidi uko wapi.

Sasa turudi kwenye ile Idi. Nilifika kwa Jaja mchana, nyumba imejaa harufu ya mdalasini, wajukuu wake wakibishana kwa Kiswidi juu ya nani amekula sambusa ya mwisho.

"Kula, msomi," Jaja akaniambia. "Halafu nieleze kitu. Mwaka jana Idi tulikula mwezi gani?"

"Julai."

"Na leo?"

"Juni."

"Basi sikukuu ya Sunja imebakije pale pale ilipokuwa mwaka jana?"

Nikacheka. Nilicheka, mwanangu, mdomo umejaa pilau. "Jaja, Korea si msikiti. Wale watu wanaunda simu na meli. Nchi nzima itangoja mwezi ndiyo ipange likizo? Mwezi hauna kazi kule."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliitoa kalenda ya msikitini iliyobandikwa ubavuni mwa friji, akailaza mezani, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Nionyeshe hiyo wiki yako."

Nikamwonyesha.

"Hapa mwezi utakuwa umekonda, umebaki ukucha. Sunja ameandika umejaa."

"Ni maneno ya barua hayo, Jaja. Urembo tu."

Akanitazama juu ya miwani. "Mimi na Sunja tumemenya viazi miaka ishirini na sita. Sijamsikia hata siku moja akisema neno la urembo."

Niliaga, nikapanda treni ya chini ya ardhi kurudi mjini, na nikafungua simu ili nimthibitishie kwamba amekosea. Kabla hatujafika kituo cha Sundbyberg nilikuwa nimeshajua. Sikukuu ile huja siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane, kwa kalenda ya mwezi wa angani. Nchi nzima ya simu na meli hungoja mwezi. Mwaka ule ilikuwa wiki tatu baada ya wiki yangu. Tungeenda, tungetembea, tungerudi uwanja wa ndege wa Arlanda, na wiki tatu baadaye Sunja angetenga sahani na kuifunika, na asingekuwepo mtu wa kuifunua.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mama yako. Kwa vituo viwili nilifikiria uongo. Ningeweza kusema shirika la ndege limehamisha safari. Nani angehakiki? Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kuhakiki. Kisha nikajiuliza lile swali nililowachosha nalo watu wote, nikajiuliza mimi mwenyewe safari hii. Nikashuka, nikavuka jukwaa, nikapanda treni ya kurudi Tensta.

Jaja alifungua mlango mikono ikiwa na povu la sabuni. "Umesahau nini?"

"Nimesahau kuuliza. Nimekosea, Jaja. Nimekosea kwa wiki tatu."

Akakaa kwenye kibao cha kuvulia viatu. "Sunja anahama," akasema polepole.

"Najua."

Halafu akajifuta mikono kwa gauni. "Basi usinisimamie hapo kama nguzo. Nenda ukasahihishe. Na beba pilau, una kazi ndefu."

Meneja hakunifokea. Alisema tiketi zinabadilika, lakini likizo za watu haziko mikononi mwake. Kwa hiyo nikaenda nyumba kwa nyumba. Sikutaka kuandika ujumbe. Nilitaka waone uso wangu. Mgumu kuliko wote alikuwa Mama Shiru, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha malori mjini Södertälje.

"Likizo niliiomba tangu Februari!" akasema. "Na wewe ndiwe uliyenikata kauli mbele ya chama, eti nilete ushahidi kwamba ugali wa mtama unasaidia presha!"

"Nimekosea, Mama Shiru."

"Umefanya nini?"

"Nimekosea."

"Ngoja kwanza." Akampigia simu dada yake anayekaa Upplands Väsby, akaweka sauti kubwa. "Haya, rudia, na huyu asikie."

Nikarudia. Walicheka mpaka dada mtu akaanza kukohoa. Nilistahili. Lakini keshoye Mama Shiru alimfuata Mswidi mmoja wa zamu yake, na kumbe yule bwana alikuwa akiitamani Septemba ili akaokote uyoga wake msituni ila alikuwa anaona aibu kuiomba. Wakabadilishana. Mmoja baada ya mwingine, wote sita wakahamisha likizo zao, na hakuna hata mmoja aliyejitoa. Wiki mbili zilitosha.

Tulifika Korea nchi nzima ikiwa njiani kurudi kwao. Treni zilikuwa zimejaa zamani, maduka mengi yamefungwa, na basi letu lilitumia muda maradufu barabarani. Akina mama hawakulalamika. "Hii ni Krismasi ya Nairobi kabisa," Mama Shiru akasema, "kila mtu anakimbilia ushago, kijijini kwao."

Sunja alikuwa amesimama getini, mdogo kuliko nilivyomdhania, aproni kifuani. Yeye na Jaja hawakukumbatiana mara moja. Walitazamana, na Sunja akasema kwa Kiswidi kile kile cha jikoni, "Umechelewa zamu." Jaja akajibu, "Miaka tisa tu." Hapo ndipo waliposhikana, na sisi wengine tukageuka kutazama mboga bustanini kwa bidii kubwa.

Mchana ule walituketisha sakafuni tufinyange vitumbua vya mchele vyenye ufuta ndani, vinavyopikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Kila kimoja hufinyangwa kama nusu ya mwezi. Jaja alikiinua cha kwanza, akakileta karibu kabisa na pua yangu.

"Msomi. Hiki kinafanana na nini?"

"Mwezi, Jaja."

"Kumbe una kazi kule!"

Magharibi ilipoingia mwezi ulitoka nyuma ya mlima, mkubwa, wa manjano, na majirani wakasimama nje ya nyumba zao kuutazama. Mama Shiru akashindwa kujizuia, akapiga vigelegele, na wale watano wakampokea. Majirani walishtuka, kisha wakapiga makofi. Ndani, mezani, katikati ya vyakula vyote vile, palikuwa na sahani moja iliyofunikwa kifuniko. Jaja ndiye aliyeifunua. Samaki, mboga, na viazi vilivyomenywa. Alikula vyote. Sijawahi kushinda mtihani wowote ukanipa furaha kama ya kumtazama bibi yule akila.

Kwenye basi la kurudi aliniambia, bila hata kunigeukia: "Uliza, mtoto wangu. Usiache kuuliza, ndiyo akili yako hiyo. Lakini ukiulizwa, tafuna kwanza."

Kijitabu changu nilikiandika upya, namba za wiki nikazifuta zote. Na wewe zifute. Mbele ya kila sikukuu andika nani anayeipangia siku. Ya tope huipanga ofisi ya mji wao. Soma tangazo la mwaka huo. Maua hupangwa na joto la masika, kwa hiyo acha siku za ziada pande zote mbili. Ya uvuvi hupangwa na barafu; isiposhika hakuna uvuvi, na usiwalaumu watu. Mwaka mpya wao, sikukuu ya taa za masika na ya mavuno hupangwa na mwezi. Halafu, kabla hujalipa, tafuta mtu mmoja ambaye siku hiyo ni yake, wala si mgeni wa kutembelea tu kama wewe, umuulize. Akikujibu kwa lugha usiyoitarajia, hata kama ni kwa kalenda ya ubavuni mwa friji, usidhani ni urembo. Na ukikosea, shuka kituo kinachofuata, urudi ukamwambie ana kwa ana. Utachekwa kwenye simu yenye sauti kubwa. Hutakufa.

Endelea na ubishi wako, mwanangu, umeurithi kwangu na sitaki uupoteze. Mungu akufungulie njia za barafu na za maua, akupe wenyeji wasiosahau usichokula, na mwezi ukijaa ukukute mahali walipokutengea sahani.