Wifi Yangu Alivyotafuta Uzoefu

Wifi yangu anafua mashuka ya hospitali. Wapo wanaosikia hivyo wakamwonea huruma, nami huwakatiza hapohapo: mashine anazoendesha yule, wao hata kuziwasha wasingeweza. Alichokitaka maishani ni kimoja tu, kuwa meneja wa chumba kile cha kufulia, na alikitaka kwa moyo wake wote.

Mara ya kwanza alipoomba, bosi alimjibu kwa upole, "Mama, kufua unajua. Kuongoza watu hujawahi. Pata uzoefu kwanza, halafu uje tuzungumze."

Mwingine angenuna. Wifi aliyachukua maneno yale kama yalivyo. Bila cheo chochote, akaanza kupanga zamu ili mwenye mtoto mgonjwa apate kutoka mapema. Wageni wa kazi akawafundisha yeye. Mashuka ya chumba cha upasuaji, ambayo kila mtu alikuwa akiyakwepa, akayapangia zamu, na wa kwanza akawa yeye mwenyewe. Jioni kaka yangu alimtania, "Mpisheni meneja apite," naye alicheka huku akivua viatu, miguu imevimba.

Kubwa zaidi, aliwafundisha wenzake kusema. Zamani walinung'unika hukohuko chini kwenye mvuke, na wakiitwa ofisini kila mtu anaangalia vidole vyake. Yeye akawaambia: nendeni wote, aseme mmoja, na mtu asipandishe sauti. Kwa njia hiyo walipata feni, wakapata na muda wa kula.

Meneja wa zamani alipostaafu, wifi akaomba tena. Safari hii nyumba nzima tulijua mambo yamekwisha, kilichobaki ni kuitwa tu.

Akaitwa.

"Wenzako walikuja hapa jana," bosi alimwambia. "Wameomba usipewe. Walikuja wote, akasema mmoja, wala hakuna aliyepandisha sauti. Nilishindwa kuwakatalia."

"Nimewakosea nini?"

"Hujawakosea. Wanasema ukihamia upande wetu, hawatakuwa na wa kuwasemea."

Nafasi ikaenda kwa mtu wa nje.

Aliposhuka, wenzake walimzunguka, nyuso zimekunjuka kwa furaha. "Tumekung'ang'ania, dada," alisema mpiga pasi, shoga yake wa siku nyingi. "Wangekuchukua hivihivi tunaona." Wifi aliwatazama mmoja mmoja. Hakuona hila kwa yeyote. Akafunga aproni, akarudi kwenye mashine.

Mimi ningewapasha mpaka wakome. Nilimwambia hivyo nilipomkuta nyumbani, ameketi kitandani na nguo zake za kazi.

"Ningekuwa nimefitiniwa, wifi, ningejua wa kugombana naye," alisema. "Hawa wananipenda. Nikilia mbele yao wataniuliza nani amekuudhi."

"Basi waache. Fanya kazi yako tu, yao waifanye wenyewe."

"Nikiwaacha wataumia. Nikiwashika vizuri, ndiyo watazidi kuning'ang'ania. Sasa huo uzoefu niutafute wapi tena?"

Nilitamani kulia, nikaona aibu kulia kabla yake. Tukasikia lango likifunguliwa, kaka yangu anaingia huku akipiga mluzi. Wifi alinishika mkono.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi kulisema mara ya pili siwezi."