Kaporali na Mawe ya Chokaa

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale mtaa wa Mapendo, mbwa wa nyumbani alikuwa na heshima kuliko baadhi ya wakwe ninaowaona leo. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Juma lililopita nilikwenda mtaa wa Ndosho kumtembelea mwanangu Patrick, nikamkuta mbwa wake amelala kwenye kanape, kile kiti kirefu cha sebuleni, kichwa juu ya mto nilioushona kwa mkono wangu, na wenye nyumba wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mbwa huyo anaitwa Bebe. Nilikuwa nimepiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitika. Bebe alifungua jicho moja, akanitazama, akalifunga.

Sisi tulikuwa na Kaporali. Baba alikuwa karani, mtu wa upande wa Bukavu, mwenye mwandiko mzuri na suruali mbili. Alimleta mbwa huyo akiwa mdogo ndani ya kikapu cha maharage, na kabla hajamshusha chini alitukusanya watoto wote. Akapanga mawe meusi ya volkano kukatiza kiwanja chetu, ukuta hadi ukuta, akayapaka chokaa. Upande wa lango ukawa wa mbwa, upande wa pili ukawa wa jiko la Mama na mlango wa nyumba.

“Neno ni moja tu,” alisema. “Hapana huyu kusema toka, yule kusema ondoka. Ni mupaka. Na hakuna mutu wa kumupiga. Imbwa anapigwa na mutu mwenye hajui kufundisha.”

Tulisema mupaka mpaka tukaota neno hilo. Kaporali akivuka, aliye karibu anasema mupaka na kumrudisha polepole, hata kama ni mara ishirini katika asubuhi moja. Akibaki kwake anasifiwa, anapewa kichwa cha samaki. Chakula chake kilikuja sisi tukishamaliza kula, bugali na mchuzi wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, ndani ya sufuria iliyopoteza masikio, naye alikaa matako chini akisubiri Mama aseme “kula”. Siku moja nilimrushia kipande cha samaki kwa siri wakati sisi wenyewe bado tunakula. Mama aliniona. Sikupigwa. Niliambiwa nami nikakae nyuma ya mawe, kando ya Kaporali, mpaka nitakapoambiwa kula. Harufu ya mboga ya sombe ilinipita puani, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikiwa na kabichi zikapita barabarani zikinguruma, bugali wangu ukapoa. Sheria ya mupaka iliniingia kichwani siku hiyohiyo, na Kaporali alikuwa amehitaji majuma.

Lakini sheria kubwa ilikuwa ya langoni. Mgeni anasimama nje, anapiga hodi. Kaporali anabweka. Mmoja wetu anaitika “karibu”, na hapohapo Kaporali ananyamaza na kwenda kulala. Baba naye hakujitoa. Kila jioni alisimama nje ya lango lake mwenyewe, mkoba kwapani, akapiga hodi na kungoja. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, alikuwa akimuuliza kama mke amemfukuza.

“Imbwa anaangalia,” Baba alimjibu. “Mimi nikiingia ovyo leo, kesho ataona kila mutu anaweza kuingia ovyo.”

Basi Jumapili moja, baada ya misa, kulikuwa na ubatizo kwa ndugu zetu wa Bukavu waliohamia mtaani kwetu, na kasiksi, pombe ya ndizi, haikupungua. Baba alirudi mchana jua likiwaka, ana njaa, ana kofia mpya. Alisukuma lango kwa mguu akaingia bila neno. Kaporali akainuka, akasimama mbele ya mawe, manyoya ya mgongo yamesimama, mdomo umefunuka. Sijui kama hakumtambua kwa sababu ya kofia na harufu ya kasiksi, au alimtambua vizuri sana. Baba alisogea. Kaporali akanguruma.

Mtaani kwetu mbwa aliyemwonyesha mwenyewe meno hakufika jioni. Sote tulilijua hilo. Jirani alikwisha kuvuka barabara na mpini wa jembe mkononi. “Muzee, kamata hii,” akasema, akaunyoosha juu ya lango. Mama alifunika chungu. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nalia bila sauti, na mpaka leo sijawahi kutaka jambo lolote kama nilivyotaka Baba asiupokee mpini ule.

Baba aliutazama mpini, akamtazama mbwa. Akavua kofia. Akarudi kinyumenyume hadi nje, akafunga lango, na mbele ya jirani na watoto wake na watu waliokuwa wakitoka misa ya pili akasema, “Hodi.”

“Karibu, Papa Zawadi,” Mama akaitika. Zawadi ni mimi.

Kaporali akaenda kulala. Baba alipita kando yake, akamwambia jirani, “Ni mutu njo alikosa, hapana imbwa.” Alikula bila kuinua macho, halafu akainuka mwenyewe kupeleka kichwa cha samaki kwenye mawe.

Sasa nirudi kwa hawa wasomi wetu wa leo. Bebe asubuhi anabusiwa na kupigwa picha. Mchana anafokewa kwa lugha tatu, Kifaransa, Kiswahili na Kilingala, na zote zinamwambia ashuke kwenye kanape. Mezani analishwa nyama kwa vidole, na mgeni akija, mbwa huyohuyo anafungwa kamba kwa kuomba mezani kama alivyofundishwa jana. Karibuni alimnyang'anya mtoto wa jirani andazi, akamkwaruza mkono kwa meno.

“Mama, hii imbwa haina akili,” Patrick aliniambia. “Siku ya posho, Jumamosi hii, nitaitupa mbali kule Munigi.”

“Mwenye hana akili ni nani?” nikamuuliza. Akaendelea kutazama simu.

Nilikaa siku tatu. Mawe Ndosho hayanunuliwi, nikayapanga mwenyewe na mgongo wangu huu wa bibi. Nikamtoa Bebe ndani, nikamwambia mupaka mpaka sauti ikakauka. Siku ya tatu alikaa kwake bila kuambiwa. Ikabaki sheria ya langoni. Nikamwomba Patrick atoke nje apige hodi, mbwa asikie.

“Mama, hapa ni kwangu. Nitapiga hodi kwangu ya nini?”

Nikamsimulia habari ya babu yake na mpini wa jembe, kama nilivyowasimulia ninyi. Alicheka. “Si muzee alikuwa amekunywa,” akasema, akarudi kwenye simu yake.

Enzi zetu mtu mzima aliona haya mbele ya mbwa, akajirekebisha. Hawa hawaoni haya mbele ya mama yao. Nikajifunga kitenge vizuri, nikatoka mwenyewe nje ya lango la mwanangu, nikasimama juani.

“Hodi,” nikasema.

Bebe akabweka. Nikachungulia juu ya lango. Patrick hakuinua kichwa. Mkewe alikuwa akitafuta chaji. Bebe alikaa nyuma ya mawe, matako chini, akigeuza macho kwangu na kwa mwenye nyumba, akingoja mtu aseme karibu.

Tulingoja wote wawili.